Maji Meupe ya Duara la Kwemsasa

Watu wa Kwemsasa hawajazoea kuona sehemu ya chini ya ndoo. Maji yao ni ya lambo, na lambo lenyewe ni la ng'ombe, mbuzi, watu na vyura, kila mmoja kwa zamu yake na mara nyingine wote kwa pamoja. Ukichota asubuhi unaiacha ndoo itulie mpaka mchana, unatia kipande cha shabu, unakoroga, unasubiri tena, na hata hapo utakachokunywa kina rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Mtoto wa Kwemsasa akiambiwa shuleni achore maji, anachukua kalamu ya kahawia. Mwalimu mgeni akimkosoa, basi mwalimu ndiye hajakaa Handeni vya kutosha.

Kwa hiyo msiwacheke sana kwa walichokifanya baada ya mvua za vuli, duara lilipojaa.

Duara ni shimo la wachimbaji wa dhahabu. Hili lilikuwa ubavuni mwa kilima, juu ya kitongoji, kama hatua mia nne kutoka lambo. Wachimbaji walikuja na makarasha yao ya kusagia mawe, wakakaa miaka mitatu, wakala, wakanywa, wengine wakaoa. Siku moja mwamba ukawa mgumu na dhahabu ikawa haba, wakapakia mashine zao kwenye lori wakaenda zao bila hata kuaga. Wakaacha shimo, na pembeni yake vilima vya magwangala, yale mawe ya taka yanayotolewa chini na kutupwa kwa kuwa hayana faida. Mawe hayo yalikuwa na chembe zinazometameta zilizowahadaa watu wazima na akili zao, lakini dhahabu haikuwemo hata ya kujaza tundu la sindano. Mvua ikanyesha, ikapita katikati ya mawe hayo, ikaingia shimoni. Maji ya shimoni yakawa meupe pee.

Wa kwanza kuyaona alikuwa Josefina Ernesti, ambaye Kwemsasa nzima inamwita Mama Angel. Bahati mbaya au nzuri, mwanamke huyu hajawahi kuona kitu akakinyamazia.

Alizaliwa Mazinde, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Babu yake alitoka mbali huko kusini kuja kukata majani ya mkonge kwa mkataba, na mkataba ulipokwisha hakuona sababu ya kurudi. Baba yake alifanya kazi korona, pale majani yanapokamuliwa utomvu zikabaki nyuzi tupu. Kambini kulikuwa na bomba moja kwa nyumba arobaini, na Josefina alianza kutumwa foleni akiwa na miaka sita. Mtoto aliyenyamaza kwenye foleni ile alirukwa. Yeye akajifunza kupaza sauti, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuishusha, anayo mpaka leo akiwa na miaka hamsini na minane.

Alikuja Handeni kumfuata mumewe, Nicolaus, aliyesikia kuna mashamba. Wakapata ekari mbili Kwemsasa. Nicolaus alifariki mwaka wa nane, akazikwa hapo hapo, na mjane akabaki. Amesomesha binti kwa kuuza makande na chai kwenye kibanda chake cha njia panda ya kwenda Mazingara. Anaelewa Kizigua mpaka matusi yake. Hata hivyo, miaka ishirini na mitatu baadaye, akikorofishana na mtu anakumbushwa kwamba yeye ni wa kuja.

Siku hiyo alipanda kilimani kutafuta kuni. Akachungulia shimoni. Ngazi ya miti waliyoiacha wachimbaji ilikuwa imeshuka majini, na Mama Angel akahesabu vipandio tisa chini ya maji, kimoja kimoja, wazi kabisa. Kuni akazisahau. Aliteremka akipiga vigelegele mlango kwa mlango.

"Njooni muone! Tumepata maji! Maji ya watu, siyo yale ya ng'ombe!"

Jioni hiyo njia ya kilimani ilijaa ndoo na madumu. Walioyaonja walisema yana ukakasi kidogo, lakini maji ya lambo yana ladha ya samadi, na ukakasi ukilinganishwa na samadi ni heri. Mmoja akasema hiyo ndiyo ladha ya maji yaliyotoka chini ya mwamba. Mwingine akasema maji ya chupa pia yana ladha hiyo, ingawa alikuwa hajawahi kuyanywa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ndani ya shimo lililojaa vile hakukuwa na chura hata mmoja.

Kwa siku tisa Mama Angel aliwapikia wateja wake kwa maji ya duara, na kwa siku tisa aligombana na dunia.

Kwanza chai. Alitia majani kiasi kile kile cha siku zote, ikatoka nyeusi ti, kama wino. Akatia maziwa, yakakatika mabonge mabonge. Asubuhi ya pili alimvaa mama wa Kimasai anayemletea maziwa, akamwambia kama ng'ombe wake wanaumwa aseme. Yule mama akabeba kibuyu chake, akaondoka, na hajarudi tena kibandani mpaka leo. Mama Angel akabadilisha majani ya chai. Wino ukabaki wino.

Kisha makande. Mahindi na maharage yalikaa motoni tangu alfajiri mpaka alasiri, kuni zikaisha, na maharage yakabaki vile vile. Dereva mmoja wa bodaboda alitafuna tonge la kwanza, akalitoa kiganjani, akalitazama.

"Mama, samahani. Haya ni makande au ni kokoto?"

Wateja wakacheka. Mama Angel hakucheka. Maharage alikuwa ameyanunua kwa Mwanaisha, jirani yake wa miaka yote, mwanamke wa Kizigua anayelima, anayeuza mwenyewe, na anayeona maharage yake kama watoto wake. Mama Angel alikwenda mpaka uani kwa Mwanaisha, wageni wakiwa wamekaa, akamwambia mbele yao kwamba amemuuzia maharage ya mwaka juzi.

"Maharage yangu ni ya msimu huu," Mwanaisha alisema. "Mimi nauza maharage, dada, siuzi ujuzi wa kupika. Huo ukautafute kwenu Mazinde."

Hapo wakaachana, na kuanzia siku hiyo hawakusalimiana. Nawaambia ukweli, kwa watu waliokopeshana chumvi kwa miaka ishirini na mitatu, hilo lilikuwa jambo zito.

Siku ya tisa alichukua magadi. Kila mpishi wa makande anajua kwamba maharage magumu hulainishwa kwa magadi kidogo. Alitia kijiko kimoja. Sufuria likatoa povu, povu likapanda, likamwagika, likazima moto. Mama Angel akarudi nyuma na kijiko mkononi.

Alipika kwa magadi tangu usichana wake na alijua tabia zake. Magadi hayachemki namna ile mpaka yakutane na kitu kichachu: ndimu, ukwaju, maziwa yaliyolala. Kwenye sufuria lile hakukuwa na ndimu wala ukwaju. Kulikuwa na maji.

Akafunga kibanda. Akachukua ndoo ya maji meupe, akatia magadi, povu likapanda tena, likatulia. Akavuta kigoda, akakaa akaitazama ndoo ile kama mtu anayemlinda mwizi. Maji yakaanza kuchafuka rangi. Kufikia mchana chini yake kulikuwa kumetuama tope la rangi ya kutu, nene, upana wa kidole. Alilichota kwa kijiko, akalinusa. Lilinuka kama msumari wa zamani.

Akachukua sufuria lake la makande, lile ambalo kwa miaka kumi lilikuwa jeusi ndani hata usugue vipi. Lilikuwa linang'aa. Siku zote hizo tisa alikuwa amefurahi kwamba maji meupe yanasafisha vyombo. Sasa alielewa kwamba yalikuwa yanavila. Alikumbuka vidole vya baba yake, ngozi iliyoliwa na utomvu wa mkonge ikabaki nyekundu, na mama yake akimwosha kila jioni kwa maji ya majivu ili uchungu upungue.

Ndipo akaanza kuwakumbuka waliokula. Mmoja mmoja, na mahali alipokaa kila mtu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na chini ya aibu hiyo alikuwa na hofu, kwa sababu ni yeye aliyepita mlango kwa mlango.

Wakati yeye anatazama ndoo, mwenyekiti wa kitongoji, Muhidini, alikuwa na mpango wake. Muhidini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na watu wa kaya themanini wanaomuuliza maji kila kukicha, na lambo lilikuwa limebaki nusu kabla kiangazi hakijafika. Kwenye duara kulikuwa na maji yamekaa bure, tena juu, mahali yanapoweza kuteremka yenyewe. Kwa hiyo alikuwa ameitisha msaragambo. Kila kaya itoe mtu mmoja na jembe, mtaro uchimbwe kutoka duara mpaka lambo, na Jumamosi ukingo wa duara ukatwe maji yashuke. Asiyefika atatozwa kuku. Mtaro ulikuwa tayari umefika nusu.

Jioni hiyo kitongoji kilikutana, na Mama Angel aliposikia habari ya kukata ukingo hakungoja mkutano umalizike. Alisimama katikati na ndoo yake.

"Hayo maji hayaendi lambo," alisema. "Yana uchachu unaokula vyombo. Nimeyatilia magadi, tazameni yalichoacha."

Watu wakachungulia ndoo. Wakaona tope.

"Sasa Mama Angel," Muhidini alisema kwa upole, maana alimzidi cheo lakini si umri, "umetia magadi, umepata tope la magadi. Maji yalikuwa meupe kabla hujayagusa."

"Magadi ni meupe. Hili ni jekundu!"

"Na aliyetuita tukachote ni nani? Si wewe uliyepiga vigelegele?"

"Ni mimi. Nilikosea. Mtu akikosea asiseme?"

"Au anataka abaki nayo mwenyewe kibandani," sauti moja ilisema nyuma.

"Wa kuja hao," ilisema nyingine. "Lambo walichimba babu zetu."

Mama Angel alimtafuta mwenye sauti hiyo kwa macho, hakumpata. "Lambo mlichimba nyie," alisema, "na mimi nimelinywa miaka ishirini na mitatu. Maji ya duara yakiingia humo, mtakunywa wapi? Bomba liko Mazingara, mwendo wa saa mbili na nusu kwa mguu. Ng'ombe mtawabeba mgongoni?"

Mwanaisha alikuwepo. Alitazama pembeni.

"Jumamosi," Muhidini alisema. "Asiyefika, kuku."

"Njoo umchukue leo. Jogoo wangu ni mkali, uje na gunia."

Walicheka, lakini hakuna aliyesimama upande wake. Alirudi nyumbani, akampigia simu Angel, bintiye anayeuza kwenye duka la pembejeo za kilimo Korogwe. Angel alisikiliza mpaka mwisho. Alisema mkulima akiwa na udongo mchachu wao humuuzia chokaa, na kwamba huenda maji nayo yanarekebishwa vivyo hivyo, lakini asithubutu kubahatisha. Angel mwenyewe akapiga simu ofisi ya maji. Akajibiwa kwamba afisa atafika Jumatatu ya wiki inayofuata.

"Jumatatu, mama. Subiri tu siku tano."

"Ukingo unakatwa Jumamosi, Angel."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui. Lakini sitakaa ndani."

Jumamosi baragumu lilipolia, Mama Angel alikuwa kilimani tayari. Mtaro ulikuwa umekamilika wote isipokuwa hatua tatu za mwisho, kipande cha ardhi kati ya mtaro na ukingo wa duara. Hapo hapo, juu ya hatua hizo tatu, alipanga mafiga, akawasha moto, akatandika kanga, akakaa. Pembeni yake kulikuwa na ndoo mbili, moja ya lambo na moja ya duara, sufuria mbili safi, sukari na majani ya chai.

Wanaume walifika na majembe, wakasimama. Hakuna aliyejua la kufanya. Ni desturi kwenye msaragambo wanawake walete chai na uji, na anayewaletea watu chai huwezi kumfukuza. Lakini huwezi pia kuchimba chini ya jiko lake.

"Shikamoo, Mama Angel," Muhidini alisema, kwa sababu adabu ni adabu.

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibu chai."

"Tunaomba utupishe tuchimbe."

"Chimbeni. Nikishamaliza kupika. Mwenyekiti hunywa kikombe cha kwanza, au desturi imebadilika?"

Akamtengea chai ya maji ya duara. Muhidini akaipokea, akaitazama. Ilikuwa nyeusi mpaka hakuona kitako cha kikombe.

"Umetia mkaa."

"Mimi?" Mama Angel akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya. Kaa hapa nilipokaa. Sufuria hili, sukari hii, majani haya. Maji nenda ukachote mwenyewe. Mimi nakwenda kusimama kule, mikono nyuma."

Watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti alikuwa hajapika chai tangu aoe, na kila mtu alijua. Lakini angekataa vipi mbele yao? Akachota maji ya duara kwa mkono wake. Akachutama mbele ya mafiga, moshi ukamwingia machoni, kuni zikamkataa, mkewe akainamisha uso asionekane akicheka. Maji yakachemka. Akatia majani. Chai ikawa nyeusi mbele ya macho yake.

"Majani yako ndiyo mabovu," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Tuma nyumbani kwako yaletwe ya kwako."

Mkewe hakusubiri kutumwa. Alikuwa na majani kwenye fundo la kanga. Yakatiwa. Wino. Kisha Muhidini akachukua sufuria la pili, akapika kwa maji ya lambo, kwa majani yale yale, na chai ikatoka ya kahawia kama chai zote alizokunywa tangu azaliwe.

Hapo ndipo Mwanaisha alipojitokeza. Alikuwa amebeba mabakuli mawili yaliyofunikwa, uso umekunjamana, na alipofika mbele hakumtazama Muhidini. Alimtazama Mama Angel.

"Nimekuja kukuaibisha," alisema. "Umenitukana mbele ya wageni wangu kwamba nauza maharage ya mwaka juzi. Jana nimeyapika. Gunia lile lile. Chungu kimoja maji ya lambo, kingine maji ya duara, saa tatu kila kimoja. Sasa watu waone!"

Akafunua bakuli la kwanza, akachukua harage, akalibonyeza kwa vidole viwili. Likapondeka. Akafunua la pili, akachukua harage, akalitupa kwenye jembe la Muhidini. Lilitoa mlio.

"Maharage yangu hayana kosa," alisema Mwanaisha. "Kosa liko kwenye maji."

Mtu mmoja akacheka, kisha watu wengi. Muhidini alibaki amechutama mbele ya mafiga na kijiko mkononi. Mama Angel alitaka kumkumbatia Mwanaisha na alijua kwamba akijaribu angepigwa bakuli.

"Nilikukosea," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilikutukana mbele ya watu, naomba radhi mbele ya watu. Maharage yako ni mazuri."

"Najua ni mazuri."

Muhidini akasimama, akapangusa magoti. "Basi tuache kwanza," alisema. "Tumsubiri mtaalamu."

"Hiyo 'kwanza' yako siitaki," Mama Angel alisema. "Mtaro umeshafika hapa. Usiku mmoja wa mvua kubwa unatosha, duara likafurika, hatua hizi tatu zikachukuliwa, maji yako lambo kabla hatujaamka. Tuufukie leo, watu wote wapo na majembe wanayo."

"Tumechimba wiki nzima, mama!"

"Na mimi nimewalisha siku tisa. Kila mtu ana lake la kujutia."

Alimpokonya jembe mtu wa karibu. Akaanza kurudisha udongo mtaroni, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyeumwa mgongo tangu juzi, na kila jembe liliposhuka lilimuuma, na hasira ilimsaidia. Hakumwita mtu. Mwanaisha aliweka mabakuli yake chini, akachukua jembe jingine, akaenda kufukia upande wa pili ili asilazimike kuzungumza naye. Kisha mke wa Muhidini. Kisha Muhidini mwenyewe, akinung'unika. Kufikia adhuhuri hatua sitini za juu zilikuwa zimejaa udongo ulioshindiliwa kwa miguu.

Jumatatu ya ahadi afisa alifika kweli, kijana mpole anayeitwa Raymond, na kisanduku chake. Alichovya vikaratasi kwenye duara, vikageuka rangi. Akachovya kwenye lambo. Akaandika, akajaza chupa, akafunga kisanduku.

"Sampuli zinakwenda maabara," alisema. "Majibu yatatumwa ofisini, kisha ofisi itaandikia kata, na kata itawaarifu."

"Hivyo vikaratasi vimesemaje?" Mama Angel aliuliza.

"Hivyo ni vya awali tu, mama."

"Maji haya hatukuyanywea ofisini. Tumeyanywea hapa. Tusomee hapa."

Raymond alimtazama Muhidini apate msaada. Muhidini alikuwa anatazama mawingu. Kijana akafungua daftari. Alisema kwenye kipimo cha uchachu maji ya kawaida yako karibu na saba, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyopanda. Lambo lilikuwa saba. Duara lilikuwa tatu. Akaeleza kwamba kosa ni la yale mawe yanayometameta: yakipigwa na hewa na maji yanatoa tindikali, na tindikali inayeyusha madini yaliyomo kwenye mwamba. Weupe wa maji usiwadanganye, alisema, kwa sababu hata matope hutuama kwenye maji kama hayo, na hakuna mdudu anayeishi humo wa kuyachafua.

"Na kiangazi kikija yakakauka, tatizo litaisha?" mtu mmoja akauliza.

"Kiangazi ndicho kibaya zaidi. Maji yanakauka, sumu inabaki juu ya mawe kama chumvi. Mmeona ule unga wa njano kule? Mvua ya kwanza inauosha wote kwa mpigo mmoja." Akaonyesha kwa kalamu. "Wekeni uzio wa miiba. Chimbeni mtaro upande wa juu wa magwangala, maji ya mvua yapite pembeni yasiguse mawe. Yafunikeni mawe kwa udongo wa mfinyanzi. Chokaa itatiwa shimoni, lakini kwa kipimo, na tope litakalotuama lina sumu, lisiguswe na mtu."

Muhidini alipumua. Alikuwa amepata mtaro wa kuchimba.

"Mtaro huo ni hatua mia mbili tu," alisema. "Msaragambo ni Jumamosi."

Raymond akageuza ukurasa. "Swali la mwisho. Kuna watu waliokunywa maji haya?"

Wengine walitazama miguu yao. Muhidini akakohoa.

"Wachache, afisa. Kwa kuonja tu."

"Andika," Mama Angel alisema.

"Niandike nini, mama?"

"Josefina Ernesti. Andika ndiye aliyewaita watu wachote. Andika aliwapikia chai na makande kwa siku tisa."

Muhidini akamsogelea. "Mama Angel, si lazima yote yaandikwe," alisema chini chini. "Karatasi hiyo inakwenda wilayani. Utajiharibia jina."

"Jina langu liache, nitalibeba mwenyewe." Hakushusha sauti. Ilitetemeka kidogo, naye akaipandisha ili isitetemeke. "Andika, mwanangu. Na andika kwamba maji hayakufika lambo, na aliyeyazuia ni huyo huyo. Yote mawili. Usiandike moja ukaacha jingine. Halafu nitakutajia waliokula kwangu, kila mtu kwa jina lake, na uwaambie watu wa afya waje wawapime wote hapa hapa, wasituambie twende mjini."

"Unawakumbuka wote?"

"Sijalala tangu siku hiyo. Nawakumbuka."

Akaanza. Alitaja wa siku ya kwanza, akataja wa pili, bila kusita, na kila aliyetajwa alisogea mbele hatua moja, wengine kwa aibu, wengine kwa hasira. Alimtaja mama wa Kimasai aliyempa chai kabla ya kumtukana, akasema huyo atafutwe bomani kwao. Alimtaja dereva wa bodaboda. Alimtaja Mwanaisha.

"Kikombe kimoja," Mwanaisha alisema. "Nacho sikukimaliza. Kilikuwa kibaya."

Walifika arobaini na wawili. Mama Angel alinyamaza, Raymond akadhani amemaliza, akaanza kufunika kalamu.

"Bado mmoja," alisema Mama Angel. "Muhidini. Vikombe vitatu, siku ya mnada, na sahani ya makande. Nilikuhudumia mwenyewe, Mwenyekiti. Sogea mbele."

Muhidini alitazama watu wake waliosimama mstari mmoja mbele ya daftari. Akavua kofia yake, akasogea.

Raymond akafungua ukurasa mpya.